Chungu cha Kupikia: Shajara ya Fundi Mwashi Aliyeanza Kufinyanga

Juni 9

Naandika nyuma ya daftari lile lile ninalopigia hesabu za saruji na nondo. Mimi ni fundi mwashi, nakaa Chanika, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Jana nilikwenda kwa shangazi yangu, huko ndani Kisarawe, kusimamisha ukuta wa jiko lake ulioangushwa na masika. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, mbele yake kuna gae kubwa la chungu kilichovunjika, na juu ya gae dongo la udongo wa kijivu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo saruji iweke kule, isije ikaniingilia kwenye udongo."

Sikuwa nimemwona akifinyanga tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani. Nilidhani alishaacha siku nyingi, kama wenzake wengi walivyoacha. Nikaweka mwiko chini nikamwangalia. Alilipiga lile dongo ngumi katikati, akaingiza mkono, akaanza kuuvuta udongo kutoka ndani kuja juu, huku mkono wa pili ukilizungusha gae taratibu. Gurudumu lake ndilo hilo gae. Alipofika mdomoni alichukua kitambaa kibichi, akakibana kwa vidole viwili, akazungusha mara mbili, na mdomo wa chungu ukakaa sawa. Mimi kupata mstari wa namna ile natumia uzi na pima maji. Yeye alitumia kipande cha kanga kuukuu.

Nikaomba dongo. Akanipa la ukubwa wa chungwa. Ukuta wangu ulipanda inchi mbili, ukalegea, ukalala ubavu. Nikajaribu tena. Jua lilizama nikiwa nimechuchumaa pale pale, ukuta wa jiko haujaisha, na shangazi ananiuliza kama nitalala.

Nililala. Leo asubuhi nimemaliza ukuta, na njia nzima ya kurudi nimekuwa nikiwaza jambo moja. Sisi zege tunalinywesha maji siku saba ili lipate nguvu. Udongo wa shangazi unapata nguvu kwa kunyang'anywa maji. Nimeshika mchanga, kokoto na chokaa karibu miaka ishirini, na kitu kilichonyamaza chini ya miguu yangu muda wote huo sikijui.

Juni 12

Niandike lengo ili nisije nikalisogeza baadaye: chungu kimoja cha kupikia. Kiwe kazi ya mikono yangu tangu kuchimba udongo mpaka kuchoma. Kikae juu ya mafiga, kipike samaki wa nazi, kisipasuke. Kabla vuli haijakolea.

Mjini ukisema chungu mtu anafikiria cha maua, kama vile vinavyopangwa kando ya barabara vikisubiri wateja. Cha maua kazi yake ni kukaa. Cha kupikia kinatolewa kikiwa baridi, kinatiwa maji, kinatwikwa kwenye moto mkali. Chini kinaungua, ndani kina maji, na kesho yake kinarudia. Hakuna tofali nililowahi kujengea linalofanya kazi ngumu namna hiyo. Na watu wanaojua kukitengeneza ni kina mama wa umri wa shangazi, ambao hakuna mahali popote wameandikwa kwamba ni mafundi. Hilo linaniuma.

Juni 16

Tumechimba udongo. Shangazi alitangulia mbele na jembe begani, tukashuka bondeni mpaka karibu na kijito. Tuliondoa udongo mweusi wa juu kina cha goti, ndipo ukatokea wa kijivu wenye mishipa ya rangi ya kutu. Akachukua kidogo, akaufinya, akautia mdomoni na kuutafuna kwa meno ya mbele, akatema. Anasikiliza mchanga. Kisha akaviringisha kijiti cha unene wa kalamu akakizungusha kwenye kidole chake cha shahada. Kikikatika, udongo hauna unato. Hakikukatika.

Viroba viwili, bodaboda mpaka barabarani, daladala mpaka nyumbani. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo, nikalipa.

Juni 20

Udongo umelowa siku tatu kwenye ndoo. Leo nimeuchuja kwa chandarua kuukuu. Imebaki mizizi, vijiwe, na ganda moja la konokono ambalo nililitupa bila kulifikiria. Uji uliopita nimeuacha utuame, nikamwaga maji ya juu, nikaumwaga kwenye magunia uani ukaushwe na upepo. Mama watoto ameuliza kama hii ni kazi ya mteja. Nimemwambia hapana, ni yangu. Akaenda akaniletea gunia la tatu.

Shangazi amesema ukishakaza niufunge kwenye nailoni, niuache siku kumi uchachuke.

Julai 1

Nimeukanda asubuhi kabla ya kwenda saiti. Chapati hukandwa kwa viganja. Udongo huu unataka uzito wa mabega. Unausukuma, unaukunja, unausukuma, mpaka ukiukata kwa uzi usione tundu hata moja la hewa ndani. Robo saa kwa dongo moja, na jasho lilinitoka kuliko wakati wa kuchanganya zege kwa koleo.

Julai 9

Bakuli langu la kwanza lililosimama. Lilikauka siku tano. Nikashindwa kusubiri joko la shangazi, pale anapochomea vyungu vyake, nikaliweka juu ya jiko la mkaa kwa saa moja na nusu, nikaligeuza kama mkate. Lilipopoa lilikuwa gumu, na kwa nje limebadilika rangi kidogo. Jioni nikalijaza maji, nikaliweka mezani ili wote walione.

Alfajiri nilikuta meza ina tope.

Nimeuliza, nimesoma, na sasa naelewa. Udongo una maji mara mbili. Kuna maji niliyoyatia mimi, hayo yanatoka kwenye jua na yakibaki yanamalizwa na joto la nyuzi 100. Halafu kuna maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, yaliyo sehemu ya umbile lake, na hayo hayatoki mpaka moto ufike kama nyuzi 500 hadi 600. Yakishatoka hayo, udongo haurudi tena kuwa tope, hata ukae ndani ya maji miaka elfu. Ndiyo maana vigae vya kale bado vinaokotwa ardhini. Bakuli langu lilipoteza maji ya kwanza tu. Lilikaa juu ya makaa, halikuwa ndani ya moto.

Julai 17

Kusi linavuma vibaya. Nilianika vyungu vitatu vibichi barazani. Kufika jioni vyote vina nyufa upande unaotazama upepo. Nikafanya nililozoea kufanya kwenye plasta inayopasuka: nikanyunyizia maji. Nyufa zikafunguka mpaka kidole kikaingia.

Nikampigia shangazi.

"Unakinywesha cha nini?" akauliza. "Kimeshaanza safari yake ya kukauka, wewe unakirudisha. Kitakwenda wapi?"

Yeye huvikausha ndani, nyuma ya mlango, vimefunikwa kanga, midomo chini, na siku ya tatu ndipo huvigeuza. Jua havilioni mpaka vimepauka. Hatari ni upande mmoja kukauka mwingine ukiwa bado: uliokauka umesinyaa, uliobaki haujasinyaa, basi hapo katikati panachanika.

Nimechora mstari wa sentimita 10 kwenye kibamba cha udongo mbichi, nimekiweka kabatini. Nataka nijue unasinyaa kiasi gani.

Julai 22

Mstari umekuwa sentimita 9.2.

Julai 28

Jumapili nzima kwa shangazi. Nimejifunza sehemu ambayo sikuwa nimeiona siku ile ya kwanza kwa sababu haifanyiki siku moja. Chungu hakianzwi na kumalizwa kwa mkao mmoja. Unavuta ukuta na mdomo, unakiacha mpaka kesho. Kinakaza kidogo: ukikibonyeza kidole hakizami lakini alama inabaki. Hapo unakigeuza, mdomo chini, kisha unashughulika na kitako, ambacho mpaka wakati huo ni donge nene tu. Unakikwangua kwa kipande cha kifuu, unakisukuma kwa ndani na kukipigapiga kwa nje, mpaka kiwe mviringo na unene uwe sawa na wa ukutani.

Mimi nilikiacha kitako kinene. Mkono wangu wenyewe ulikataa kukikwangua. Mwashi anaamini msingi: chini pawe pana na pazito, juu utapunguza.

Shangazi alikipiga kwa ukucha, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hiki kinakwenda kusimama juu ya moto, si kubeba nyumba."

Kitako kikiwa kinene, sehemu ya nje inapata moto na kutanuka wakati sehemu ya ndani bado haijapata habari. Kitako bapa kina kona, na mpasuko hupenda kona. Kitako cha mviringo hakina kona. Moto unakilamba na kupanda ubavuni bila kukwama, na mafiga matatu yanakishika popote kinapoegemea. Nilikuwa nadhani vyungu vya zamani vina vitako vya mviringo kwa sababu hapakuwa na meza. Nimekaa kimya muda mrefu baada ya kulielewa hili.

Nilikwangua mpaka nikafika milimita saba hivi. Nilitoboa viwili. Cha tatu kilikaa.

Agosti 10

Moto wa kwanza. Tuliamka saa kumi na nusu alfajiri, kabla kusi halijaamka. Upepo ukikurupuka katikati ya uchomaji unapuliza ubaridi kwenye chungu kilichowiva upande mmoja, na hapo umekipoteza.

Joko la shangazi halina matofali. Ni shimo la kina cha kiganja, pana kama kitanda. Kwanza vyungu vilipangwa kuzunguka moto mdogo, vikaota kama wazee wakati wa kipupwe, anavigeuza kila baada ya muda mpaka mkono usiweze kuvishika. Kisha akatandaza makuti na kuni nyembamba, akavilaza vyungu midomo chini, akavifunika kwa makumbi ya nazi, kuni, makuti tena, na majani makavu juu kabisa. Akawasha upande unakoelekea upepo ili moto utembee polepole kinyume chake.

Mlio ulisikika kama dakika ya ishirini. Mmoja tu, kama fataki. Shangazi hakunitazama.

Vyungu vyake sita vilitoka vizima. Vyangu vilikuwa vitatu: kimoja kimesambaratika vipande vya ukubwa wa sarafu, kimoja kina ufa tangu mdomoni hadi kitakoni, kimoja kizima. Kile cha kwanza nilikikanda vibaya au hakikukauka mpaka ndani. Maji yaliyobaki yaligeuka mvuke yakakosa njia ya kutokea. Kile kizima kina doa jeusi ubavuni mahali ambapo kumbi liliegemea, na ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nimekibeba mapajani mpaka Chanika.

Agosti 12

Kizima kimepasuka jikoni, mara tu maji yalipoanza kuchemka. Mchuzi haukuwamo, nilianza na maji matupu. Moto ulizimika.

Shangazi anasema udongo ni mtupu mno. Unataka kitu cha kuuvunja ukali.

Agosti 17

Nimeelewa alichomaanisha, au nadhani nimeelewa. Udongo peke yake ni kama saruji bila mchanga: unasinyaa sana, umeshikana sana, ukianza kupasuka hakuna cha kuuzuia ufa. Ukitia chembe ngumu ndani, maji yanapata njia ya kutoka, kusinyaa kunapungua, na ufa mdogo ukikutana na chembe unasimama. Uwiano, basi. Hapa niko nyumbani. Nilikuwa na nusu kiroba cha mchanga mweupe laini uliobaki kwenye plasta ya nyumba moja ya Kigamboni. Nimechekecha, nimechanganya, mchanga mmoja kwa udongo minne. Unafinyangika vizuri ajabu.

Agosti 31

Nimechoma vitatu kwa shangazi. Vyote vizima. Vyote vinalia vikigongwa, ule mlio mrefu wa chungu kisicho na ufa. Nimeandika tarehe kwa herufi kubwa kwenye kalenda ya ukutani.

Septemba 5

Sijui nianzie wapi. Juzi niliona vidoa vyeupe kwenye vyungu viwili, vidogo kama punje ya mtama. Nikafikiri ni vumbi. Jana kila kidoa kilikuwa kimebandua gamba la udongo la ukubwa wa ukucha, na katikati ya shimo kuna unga mweupe. Leo chungu cha tatu nacho kimeanza. Hakuna aliyevigusa. Vimekaa kwenye rafu tu.

Nilichukua ule unga kwa ncha ya kisu, nikautia tone la maji kwenye kiganja. Ukavimba na kupata joto kidogo.

Chokaa.

Mchanga ule ulitoka pwani. Umejaa vipande vya makombe na matumbawe vilivyosagika mpaka huvitofautishi na mchanga kwa macho. Na kombe au tumbawe likichomwa kwenye moto mkali huwa chokaa isiyozimwa, na chokaa hiyo ikipata maji, hata unyevu wa hewa tu, huvimba. Mimi ni mwashi! Wazee walichoma matumbawe juu ya magogo, wakayamwagia maji, yakavimba na kusagika, wakajengea misikiti na majumba. Magofu ya Kaole na Kilwa yamesimama mpaka leo kwa chokaa hiyo. Najua kuyaeleza haya kwa kijana wa kazi nikiwa nimefumba macho. Nikachukua kitu kile kile nikakifungia ndani ya ukuta wa chungu wa milimita saba, nikakichoma, nikakingoja kivimbe.

Ganda la konokono lililobaki kwenye chandarua mwezi Juni lilikuwa linaniambia hili.

Septemba 7

Nilikwenda kwa shangazi na gamba moja mfukoni. Alilitazama, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na beseni la vigae. Vipande vya vyungu vyake vilivyovunjika, vya miaka mingi, na juu kabisa vipo vya kile changu kilichosambaratika Agosti. Alivikusanya siku ile nikiwa nimegeuka.

"Mfinyanzi hulia gaeni," akasema. "Mnaona ni umaskini. Sasa gae nikilitupa, kesho nitatia nini kwenye udongo?"

Msemo huo nimeusikia tangu shule ya msingi. Tulifundishwa kwamba mwenye kutengeneza kitu kizuri yeye hutumia kibovu. Nyumbani kwa shangazi gae ni sahani ya kuku, ni gurudumu la kufinyangia, ni kifuniko, na mwisho husagwa likarudi ndani ya chungu kipya. Hakuna linalotupwa.

Na kigae kina jambo moja ambalo mchanga hauna. Kimeshapita kwenye moto. Kimeshasinyaa kadiri ya kusinyaa kwake, na kwa kuwa kilikuwa udongo ule ule, kinatanuka na kunywea sambamba na ukuta kinamokaa. Mchanga mwingi ni madini magumu yaitwayo kwatzi, na kwatzi ikifika nyuzi 573 hutanuka kwa ghafla. Ikipoa hunywea kwa ghafla pale pale. Mchanga mzuri wa mtoni bado watu wanautumia na unafaa. Lakini kwa cha kupikia, nimeamua vigae.

Septemba 8–14

Nimetwanga vigae kwenye kinu kibovu, nimechekecha kwa chekeche la unga. Jirani alidhani natengeneza dawa.

Vibamba vitatu. Kigae kimoja kwa udongo miwili: kinamomonyoka ukikikunja. Kimoja kwa mitatu: kinakunjika na ufa mdogo juu juu, kimesinyaa mpaka 9.5. Kimoja kwa minne: laini, 9.4. Nachukua wa mitatu.

Septemba 15

Wiki iliyopita nilipita Pugu nikachukua kipande cha ule udongo mweupe, kaolini, ambao vilima vile vinao kwa wingi. Nilitamani chungu cheupe. Nimetengeneza kibamba nikakichoma na vitu vidogo vya shangazi. Kimetoka kimebaki kama chaki, kucha inakikwangua. Udongo huo safi unataka moto unaopita nyuzi 1,200 ndipo ushikane barabara, na moto wa makuti na makumbi haufiki huko hata ukiupepea kutwa. Wa bondeni una chuma ndani yake, ile rangi ya kutu, na chuma kinausaidia uive mapema. Basi nautii wa bondeni.

Septemba 21

Binti yangu yuko chuo, amekuja likizo fupi. Aliniona nachora shingo ya chungu kwa mwiba na akaniuliza kama najua ninachochora. Nilikuwa nachora pembetatu tu, zimepangana, ndani zimejazwa mistari ya mshazari. Ndiyo michoro iliyonijia mkononi.

Akanieleza kwamba vyungu vyenye pembetatu za namna hiyo shingoni vimechimbuliwa pwani yote hii, tangu Kenya mpaka Msumbiji na Komoro, vikiwemo vya Unguja Ukuu, na kwamba ni vya kati ya karne ya 7 na ya 10 hivi. Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mmoja wa walioviandika sana, na aina hiyo ya vyombo ameiita kwa hizo pembetatu. Ni katika ushahidi unaoonyesha kwamba miji ya pwani ilianzishwa na watu wa hapa hapa, wakulima na wavuvi, waliokuwa wakipika kwenye vyungu vyao.

Sitaki kusema mkono wangu ulikumbuka kitu. Pembetatu ni rahisi kuchora kwa mwiba kwenye udongo uliokaza. Lakini niliimaliza ile shingo polepole zaidi, na nimeziacha pembetatu zote, hata ile moja iliyopinda.

Oktoba 5

Vyungu vinne vimekauka, vimepauka, ni vyepesi mkononi. Nilivisugua kwa kokoto laini ya mtoni vilipokuwa bado na unyevu kidogo, saa nzima kila kimoja, mpaka vikang'aa. Kusugua si urembo tu: kunaubana uso wa udongo, maji hayapenyi upesi. Midomoni nimepaka ngeu, ile ile ninayotumia kupigia mistari ukutani.

Oktoba 12

Vimetoka vinne. Hakuna mlio uliosikika asubuhi nzima isipokuwa wa makuti. Nimevigonga kimoja kimoja. Vinalia.

Nimesubiri siku zote hizi na bado sikuwa tayari. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu kidogo.

Oktoba 13–18

Kuvizoesha. Nimechemsha uji mwembamba ndani ya kila chungu kwa moto mdogo, nikauacha upoe humo humo, nikarudia. Wanga unaziba vitundu. Baada ya mara ya pili jasho la nje lilikatika kabisa.

Siku sita mezani, na nakagua kila asubuhi. Hakuna kidoa cheupe.

Oktoba 19

Mafiga matatu uani. Moto wa kuni, mdogo kwanza. Mama watoto alikuwa na sufuria pembeni, imeoshwa, endapo. Samaki, changu, alikuwa amekaangwa tangu mchana. Tui jepesi likatangulia, kitunguu, nyanya, bizari, ndimu. Nilichuchumaa pale nikiwa nimeshika mwiko wa kupikia badala ya ule wa kazi. Kilipoanza kuchemka nilisikia kinanguruma, sauti nzito ya chini ambayo sufuria haina, na nikaweka sikio. Hakuna ufa. Tui zito likaingia mwishoni. Kuni niliziondoa, na chungu kikaendelea kuchemka chenyewe kwa dakika kadhaa, maana ukuta wake ulikuwa umeshika joto.

Tulikula ndani ya chungu kile kile kilichowekwa kwenye kata uani. Mwanangu mdogo alisema mchuzi una harufu ya mvua ikianza kunyesha. Sufuria haikutumika.

Oktoba 26

Nilimpelekea shangazi viwili kati ya vinne. Alikipokea cha kwanza, akakitia mkono ndani mpaka kitakoni, akakizungusha, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Pembetatu alizipitisha kidole bila kusema neno. Kisha akakibeba mpaka pale ukumbini anapopanga vya kupeleka gulioni, vyungu saba midomo chini, akakiweka katikati yao, cha tatu kutoka mlangoni.

"Bei ni ile ile," akasema.

Novemba 2

Kimeuzwa. Aliyenunua ni mama lishe. Hakuuliza kimetengenezwa na nani.

Vuli imeanza kudondoka, kwa hiyo joko limesimama mpaka Januari. Sasa nataka mtungi. Shangazi anasema mtungi ni kinyume: vitundu vyake hutakiwi kuviziba, maji lazima yapenye na kukauka kwa nje ndipo ya ndani yawe baridi, kwa hiyo uwiano wangu wa vigae hautafaa na kusugua itabidi nikupunguze. Jana, kabla mvua haijatelezesha njia ya bondeni, nimeongeza viroba vitatu. Ndoo mbili zimeshalowekwa.